Mishipa ya damu kwenye konea kabla ya upandikizaji: kisa cha mkata mkonge wa Tanga

Barua ya rufaa ilikuwa fupi. Mwanamume wa miaka 46, mkata mkonge wa upande wa Pongwe. Jicho la kushoto lilipofuka utotoni kwa surua. Jicho la kulia lina chamba cheupe katikati ya konea, kioo cha mbele cha jicho, anahesabu vidole kwa mita 1 tu. Kisha mstari wa mwisho: "Mishipa ya damu saa 2 hadi saa 3, robo moja. Anafaa kupandikizwa konea."

Mstari huo mmoja ndio tunaouchambua. Ulikuwa na mapungufu matatu, na yote yaliibuliwa na picha. Mgonjwa mwenyewe ni wa mfano, kisa kimepangwa kufundishia wahudumu wa macho, na vipimo vyake vimechaguliwa ili kuonyesha namna uamuzi unavyobadilika.

Jani la mkonge huishia kwenye mwiba mgumu wa rangi ya kahawia iliyokolea. Miaka mitatu nyuma mwiba huo ulimchoma jichoni akiwa anainama kukata. Alinunua matone dukani, yakawa na deksamethasoni, dawa ya steroidi. Kidonda cha konea kilichotokana na mmea ni mlango wa fangasi, na deksamethasoni huifungia kinga mikono wakati fangasi inatanuka. Ilichukua miezi ya natamaisini, dawa ya fangasi, mpaka kidonda kufunga. Kilichobaki ni kovu la milimita 6 kwa 5, na ndani yake mishipa.

Konea yenye afya haina mshipa wa damu hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu ina uangavu, na ndiyo sababu pia konea ya mtu mwingine huweza kukaa humo bila mwili kuishtukia. Mishipa ikishaingia, askari wa mwili wana barabara ya kuja. Pamoja nayo huja mishipa ya limfu, ambayo haionekani kwa taa wala kwa rangi za kawaida, na hiyo ndiyo hupeleka habari za tishu ngeni mpaka kwenye tezi za shingo. Tunapopiga picha mishipa myekundu tunapiga picha nusu ya hatari. Nusu ya pili tunaikisia kutokana nayo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1992 juu ya vipandikizi vya hatari kubwa uliweka mpaka ambao bado unatumika: mishipa iliyozama kwenye stroma, tabaka nene la kati la konea, katika robo mbili au zaidi za konea, au kipandikizi cha awali kilichokataliwa na mwili. Mapitio ya tafiti nyingi ya mwaka 2010 yalikuta kwamba konea yenye mishipa ina uwezekano wa kukataa kipandikizi takriban mara mbili ya ile isiyo nayo. Kwa hiyo neno "robo moja" kwenye barua linamweka mgonjwa upande mmoja wa mpaka, na "robo mbili" upande wa pili, na dawa, mbinu ya upasuaji na hata swali la kama apasuliwe sasa, vyote vinafuata hapo. Huyu ni mtu wa jicho moja. Kipandikizi kikikataliwa, hana jicho la akiba.

Saa ipi?

Tuanze na saa, kwa sababu kosa hili ni letu sisi tunaozungumza Kiswahili. Madaktari wa macho huigawa konea kama uso wa saa ya ukutani: 12 juu, 6 chini. Lakini kwetu mshale mfupi ukielekea namba 9 tunasema saa tatu. Aliyeandikiwa "saa 2 hadi saa 3" anaweza kutazama namba 2 na 3, au namba 8 na 9, na kwa lugha yake atakuwa sahihi kotekote. Kwenye jicho la kulia namba 3 iko upande wa pua na namba 9 upande wa sikio. Yaani neno moja linahamisha mishipa kutoka upande mmoja wa konea kwenda wa pili, na sindano ya matibabu ingefuata.

Picha ya kwanza ilimaliza ubishi: mishipa ilikuwa namba 8 hadi 9, upande wa sikio. Dawa ya hili ni nyepesi. Usiandike "saa". Andika "namba 8 ya uso wa saa, upande wa sikio", chora duara, weka alama ya pua. Duara lenye alama ya pua halina tafsiri mbili.

Picha za rangi kwa taa ya mwanya

Hatua hii inawezekana popote palipo na taa ya mwanya, yaani darubini ya macho yenye mwanga mwembamba, na simu iliyofungwa kwenye jicho la darubini, na ndiyo inayofanywa ovyo kuliko zote. Mgonjwa aliyefika kwa bodaboda, upepo na vumbi usoni, akae kivulini dakika 20 kwanza, la sivyo utapiga picha ya wekundu wa njiani. Usiweke matone ya ganzi wala matone ya kuondoa wekundu kabla ya picha za mwanzo. Yote yanabadilisha unene wa mishipa. Ukuzaji wa mara 10 kwa konea nzima, mara 16 kwa kila robo, mara 25 pale unapotaka kuona damu yenyewe ikitembea. Kwenye simu, funga fokasi na mwanga visijirekebishe vyenyewe, zima vipambo vyote vya picha. Kabla ya kubadilisha chochote, piga picha rula ya milimita kwa ukuzaji uleule. Bila rula hiyo, picha haipimiki.

Atazame mbele, juu, chini, kulia, kushoto. Anapotazama chini, kope la juu liinuliwe kwa kidole, na kidole kikandamize kope kwenye mfupa wa nyusi, kamwe kisiguse jicho lenyewe. Ukibonyeza jicho, mishipa midogo hujikamua na kupotea mbele ya macho yako. Utaandika "hakuna" mahali ambapo ipo.

Pungufu la pili la barua lilitokea hapo hapo. Kope halikuinuliwa. Kati ya namba 11 na namba 1, ukingoni juu kabisa, palikuwa na kundi la mishipa ya milimita 1.3. Iliyumba na kugawanyika kama matawi ya mti, myekundu mbichi, na kila mmoja uliweza kufuatwa kwa jicho kutoka kwenye weupe wa jicho kuingia kwenye konea bila kukatika. Hiyo ni dalili ya mishipa ya juujuu. Iliyozama huwa na tabia nyingine: imenyooka, imepangana kama nywele za brashi, rangi yake imefifia, na ukiifuata kuelekea ukingoni inazama na kupotea, kwa kuwa inatoka kwenye mishipa ya ndani ya jicho na si kwenye ngozi ya juu.

Pungufu la tatu ni gumu zaidi, na linahusu macho yetu sisi. Mshipa mwekundu juu ya kovu jeupe unaonekana hata kwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mshipa huohuo juu ya irisi (duara la rangi kuzunguka mboni) ya kahawia iliyokolea unamezwa. Ukingo wa konea wa watu weusi nao mara nyingi una mkanda wa rangi ya kahawia, na mkanda huo unafunika hasa pale shina la mshipa linapoingilia. Mafunzo mengi ya picha yana macho ya bluu, ambako kila uzi unaonekana. Kwetu, picha ya rangi hupunguza hesabu. Kioo cha kijani husaidia, kwa kuwa damu hunyonya mwanga wa kijani na mshipa ukawa mweusi. Kuelekeza mwanga kwenye irisi ili urudi nyuma ya konea husaidia zaidi. Kwa njia hiyo ya pili, namba 5, upande wa pua, ilijitokeza brashi ya nyuzi nyembamba tano ambayo kwenye picha ya kawaida haikuwa na hata kivuli.

Kwa hiyo sasa kuna sehemu tatu: namba 8, namba 5, na juu. Inayobaki kujulikana ni ipi imezama, ipi inalisha, ipi inavuja. Kwa hayo alipelekwa hospitali kubwa zaidi, safari ya basi ya kilomita 350 hivi, akiwa na picha zake zote ndani ya simu na duara lililochorwa.

Rangi mbili kwenye mshipa wa mkono

Angiografia ya konea, yaani kupiga picha mishipa yake baada ya kuchoma rangi mkononi, hutumia kamera ileile ya retina (pazia la nyuma ya jicho), fokasi ikivutwa mbele mpaka konea ikae sawa. Rangi ni mbili na kazi zao hazifanani. Fluoresini ina molekuli ndogo, uzito wake 376, hupenya kuta za mishipa michanga iliyo na matundu. Hiyo inakuonyesha uvujaji. Indosayanini ya kijani ina uzito wa 775 na karibu yote hujishikiza kwenye protini za damu, kwa hiyo hubaki ndani ya mshipa na kuuchora safi. Tena hung'aa kwa mwanga usioonekana na macho, wa nanomita 830 hivi, unaopita kwenye rangi ya kahawia ya ukingo kuliko mwanga wa kawaida. Kwa jicho la Mtanzania sababu hiyo ya mwisho inatosha kuifanya indosayanini isiachwe pale inapopatikana.

Kipimo: fluoresini ya asilimia 10, mililita 5, indosayanini miligramu 25 ndani ya mililita 5 za maji yake. Kanula ibaki mkononi mpaka mwisho. Uliza mzio, figo, ini, ujauzito kwa mwanamke. Baadhi ya indosayanini ina iodini, kwa hiyo mzio wa iodini uulizwe kwa jina lake. Adrenalini ya miligramu 0.5 ya kuchoma kwenye msuli iwe imeshavutwa kwenye bomba, si kabatini. Kichefuchefu cha dakika moja mbili ni kawaida. Na mgonjwa aambiwe mapema: "Baba, usishtuke, ngozi itakuwa manjano saa chache, na mkojo utakuwa rangi ya chungwa mpaka kesho." Asiyeambiwa atarudi usiku akidhani figo zimekufa.

Video ianze rangi inapoingia mkononi, isingoje. Sekunde 30 za kwanza ndizo zenye jibu, kwani baada ya hapo fluoresini inayovuja hutandaza ukungu na kuficha mpangilio wa mishipa. Kwa mgonjwa huyu, sekunde ya 14 mshipa mmoja wa namba 8 ulijaa kutoka ukingoni kuelekea katikati: huo ndio shina linaloleta damu. Sekunde ya 17 jirani yake alijaa kutoka katikati kurudi ukingoni: huo unarudisha. Kwa taa ya mwanya wote wawili walifanana kama pacha. Kutofautisha ni muhimu, maana ukiziba unaorudisha peke yake, damu inazidi kusukumwa ndani na kukosa pa kutokea.

Uvujaji ulisema jambo jingine. Namba 8, baada ya dakika 3, bado kulikuwa na kingo safi: mshipa mkomavu, wenye ukuta. Namba 5, sekunde ya 40, wingu lilikwishatanda. Mshipa mchanga kwenye kovu la miaka mitatu haukai bure. Kuna kitu kinaulisha kila siku. Walirudi kwenye taa, mara 16, kope la chini. Nywele tatu za kope, nyembamba, zisizo na rangi, zilikuwa zimegeukia ndani na kusugua konea palepale namba 5 kila alipopepesa. Hakuna aliyeziona mpaka wingu lilipoelekeza pa kutazama. Ziling'olewa na mizizi yake kuunguzwa kabla ya matibabu mengine yoyote.

Kina, kwa OCTA

OCTA, mashine inayochora mishipa kwa mwanga, haitumii rangi. Inapiga sehemu ileile mara kadhaa na kutafuta kinachosogea, yaani chembe za damu, kisha inakupa ramani ya mishipa pamoja na kina chake kwa maikromita. Lakini mashine iliundwa kwa ajili ya retina. Unaweka lenzi ya mbele, unazima mfumo wa kufuata jicho maana hauna retina ya kufuata, na mistari ya tabaka unaichora kwa mkono, kwa sababu programu itaendelea kutafuta tabaka za retina ndani ya konea na itakupa kina cha uongo bila aibu. Picha ya milimita 6 kwa 6 huchukua sekunde chache; mgonjwa akipepesa, mistari myeupe ya mlalo hukatiza picha nzima. Mshipa mnene wa juu huacha kivuli chake kwenye tabaka la chini, kikaonekana kama mshipa wa pili. Kila mara hakikisha kwa picha ya mkato.

Matokeo: shina la namba 8 lilipita kwenye kina cha maikromita 290 hadi 340, mahali ambapo konea ina unene wa 560. Namba 5, 180 hadi 230. Mishipa ya juu, 70 hadi 90, chini kidogo tu ya ngozi ya konea. Kwa hiyo iliyozama ni robo mbili. Barua ilisema moja. Mgonjwa amevuka mpaka wa hatari kubwa.

Picha ya mkato ilisema pia kwamba kovu limeishia maikromita 420 kati ya 510 katikati, na nyuma yake pako safi. Hivyo haikuwa lazima kubadilisha konea nzima. Upandikizaji wa tabaka za mbele, unaoacha endotheli (tabaka la ndani kabisa la konea) ya mgonjwa mwenyewe, ungemwondolea kukataliwa kwa endotheli, ambako ndiko kunakoua vipandikizi vingi vya konea nzima.

Duara la milimita 7.5

Kifaa bora kuliko vyote katika kisa hiki ni duara. Konea yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 11.5. Kipandikizi kingekaa kwenye shimo la milimita 7.5. Chora duara hilo juu ya picha, katikati: ukingo wa konea mpaka ukingo wa kipandikizi ni milimita 2. Mshipa mfupi kuliko huo haugusi kipandikizi. Mrefu kuliko huo umeshakifikia kabla hakijashonwa. Mishipa ya juu, milimita 1.3, ilibaki nje na iliachwa kama ilivyo. Namba 5, milimita 2.6, ilipita kwa 0.6. Namba 8, milimita 4.1, ilikuwa imeingia ndani kabisa.

Eneo lilipimwa kwa ImageJ, programu ya bure: weka kipimo kwa picha ya rula, zungushia konea, tenga mishipa kwa weusi wake, kisha futa kwa mkono kivuli cha kope na mng'ao wa taa, kwa kuwa programu huvihesabu navyo. Picha ya rangi ilitoa milimita za mraba 3.1, indosayanini 5.2. Konea nzima ni karibu 104. Linganisha kila mara picha za aina moja. Ukipima kwa indosayanini leo na kwa rangi mwezi ujao, utajipongeza kwa kupungua ambako hakujatokea.

Kuziba, kisha kungoja

Mshipa mkomavu haufi kwa bevasizumabu, dawa inayozuia mishipa mipya kuota; mchanga hufa. Ramani ya uvujaji iligawa kazi. Namba 8 ilichomwa: sindano ya uzi wa nailoni 10-0 iliingizwa ndani ya shina karibu na ukingo, kwa mteremko wa kufikia maikromita 300, kisha kifaa cha kuunguza kwa umeme, nguvu ya chini kabisa, kikaguswa kwenye sindano mpaka stroma kuzunguka mshipa ikaanza kuwa nyeupe. Zaidi ya hapo unatengeneza kovu jipya. Sindano ikiwa juu mno, weupe unatokea na mshipa unaendelea kutiririka chini yake, na ndipo kipimo cha kina kinapolipa gharama yake. Namba 5 ilipata bevasizumabu miligramu 2.5 kwenye mililita 0.1, chini ya ngozi ya weupe wa jicho karibu na mizizi yake. Shinikizo la damu lilipimwa kwanza na kiharusi au ugonjwa wa moyo wa karibuni ukaulizwa. Matone ya steroidi yalitolewa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa jicho hili lilishawahi kuwa na fangasi.

Wiki ya 4, OCTA ilionyesha namba 5 na namba 8 zote nyeusi, hakuna mtiririko. Hapo wengi wangeagiza konea. Lakini OCTA haioni damu inayokwenda polepole sana. Kwenye taa ya mwanya, mara 25, mwanga ukirudi kutoka kwenye irisi, chembe zilionekana ndani ya shina la namba 8 zikitambaa moja moja kama siafu kwenye njia yao. Mshipa ulikuwa umefunguka tena. Ulichomwa mara ya pili, safari hii mahali pawili. Wiki ya 12 indosayanini haikuingia. Eneo lilibaki milimita za mraba 0.9, karibu yote ni ile ya juu iliyoachwa.

Ndipo konea ikaagizwa. Mpangilio huu haugeuzwi: konea inayokuja ndani ya Optisol, kioevu cha kuihifadhi, kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, ina siku 14 tu. Ukiiagiza kabla ya mishipa kufa, ndege ndiyo inayokupangia siku ya upasuaji.

Baada ya kushona

Kipandikizi cha milimita 7.75 kilishonwa kwenye shimo la 7.5 kwa nyuzi 16 tofautitofauti. Uzi mmoja wa kuzunguka haufai kwenye konea yenye mishipa, kwa sababu mahali mshipa unapofika uzi hulegea, na uzi wa kuzunguka ukilegea sehemu moja umelegea wote. Aliambiwa dalili nne za kurudi nazo siku hiyohiyo: wekundu, mwanga kuumiza, kuona kufifia, maumivu.

Mwezi wa 4 picha ya mara 16 ilionyesha uzi wa namba 8 umelegea, na mshipa wa milimita 1.0 ukiuelekea. Uzi ulitolewa siku hiyo. Wiki tatu baadaye mshipa ulikuwa umesinyaa, umeishia nje ya ukingo wa kipandikizi. Kwa miwani anaona 6/18, yaani kwa mita 6 anaona kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 18. Picha inayofuata ni ya mwezi wa 9: mara 16, bila matone, rula pembeni, kope la juu limeinuliwa.